Jiko la nusu boya

Kwanza niseme ukweli, hili dude sikulinunua kwa akili. Mzungu mmoja wa mradi alikua anahama Capri Point hapa Mwanza anauza vitu vya ndani, mi nikaenda kuangalia friji, friji nikakuta imeshabebwa na mtu, nikarudi Bwiru na kirikuu kimepakia bakuli jeusi la chuma lenye miguu na mfuniko kama kofia ya askari wa zamani. Mama watoto akatoka nje, akalizunguka mara moja kimyakimya, akauliza, "Na friji?" Sikua na jibu.

Nililipima kwa tepu, sm 94 ukingo mpaka ukingo. Haya majiko ya duara ya mkaa saizi yake iliyozoeleka huko kwao Marekani ni sm 57, kwahiyo hili ni la kulisha harusi, kuku kumi wa kupasua wanalala na pembeni unapata pa kuweka ndizi. Wenyewe wanayaita birika kwa sababu ya umbo, sisi nyumbani tukalichukua hilo hilo jina, birika, japo chai haijawahi kuingia humo na watoto wanaona ni utani mzuri sana kumwambia mgeni "subiri baba anabandika birika" afu mgeni anakaa kusubiri chai.

Kilichonifanya nilipende ni historia yake. Mwaka 1952 kuna jamaa anaitwa George Stephen alikua anafanya kazi Weber Brothers Metal Works pale Chicago, kiwanda cha kukunja na kuunga vyuma, na moja ya kazi zao ilikua maboya ya kuelea majini. Sasa yeye kila akichoma nyama nyumbani upepo unamsumbua, majivu yanaruka, akachukua boya akaligawa, nusu ikawa bakuli nusu ikawa mfuniko, akafunga miguu mitatu. Ndo hivo tu. Chicago nayo ipo mwambao wa ziwa, Michigan. Nilivyosoma hiyo nikatoka nje usiku na tochi nikaliangalia upya, nikasema kumbe we ni ndugu yetu wa ziwani kabisa.

Ila mapenzi yaliisha Jumapili ya kwanza. Niliweka mkaa kama ninavyoweka kwenye jiko la kawaida, nikatandaza chini kote. Debe zima likaingia na bado naona chuma katikati, nikaongeza. Moto ukawaka kama tanuru la tofali, nyama nje nyeusi ndani inatoa damu, na baada ya kama saa moja na nusu mkaa wote majivu. Debe zima bana! Kwa bei ya gunia ya saivi hiyo ni nyama nyingine kabisa imeungua pale chini. Na nyumbani kwetu kila siku tunapikia gesi, serikali yenyewe ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe huko, afu mi ndo naleta mdomo mpya wa kula gunia. Mama watoto hakusema kitu. Aliangalia tu lile debe tupu.

Kwahiyo nikawa na njia mbili, niliuze au nilifundishe kula kidogo. Yote niliyolifanyia baada ya hapo, ukiondoa ujinga mmoja miwili nitakaoueleza, yalikua ya kulifanya jiko kubwa liwe na njaa ya jiko dogo.

Kitu cha kwanza kilikua hewa, na hii haikunigharimu hela ilinigharimu kucha. Chini ya bakuli kuna matundu matatu ya kuingiza hewa na kila moja lina kisahani cha kuzungusha, juu kwenye mfuniko kuna tundu la kutolea moshi. Mkaa unawaka kwa kadri unavyopata hewa, ukibana chini unalala, ukifungua unaamka. Vile visahani vyangu vilikua vimeganda na mafuta ya miaka, yule mzungu sidhani kama aliwahi kuvigusa. Nikaloweka sabuni na maji ya moto, nikakwangua, nikagonga taratibu na mpini wa nyundo mpaka vikazunguka. Siku hizi namuachia hewa kutoka chini tu, la juu naliacha wazi angalau nusu, maana ukiziba juu moshi unakaa ndani unachacha, samaki anakua mchungu kama dawa ya mwarobaini.

Afu kuna upepo. Mtu wa Iringa anaweza asielewe hili ila sisi wa mwambaoni tunalijua, mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Mi nachomaga kuanzia saa tisa alasiri, wakati ule ule ambao ziwa linapuliza, na upepo ukiingia kwenye tundu la chini ni kama mtu ameshika kipepeo anapepea bila kuchoka. Ndo maana mkaa ulikua unaisha! Na majivu yanatoka yanakwenda kwa jirani ambaye ana mashuka kwenye kamba. Dawa ikawa sufuria. Nilitafuta sufuria kuukuu la shughuli, lile pana, nikalitoboa pembeni pembeni nikalining'iniza chini ya bakuli kwa waya wa chuma wa ndoano tatu. Majivu yanadondokea humo na pia linakinga upepo usiingie moja kwa moja kwenye matundu. Sufuria lilikua limetoboka kitako, tuliliziba na kipande cha bati na ribeti mbili. Hakuna kitu nilichofunga kwenye hili jiko chenye faida kubwa kwa hela ndogo kama hicho, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kukisifia.

Baada ya hapo ndo nikaenda kwa fundi. Kuna fundi wa kuchomelea nilipewa sifa zake nyingi, jina nalihifadhi, nilimkuta ana grenda mkononi na miwani ya jua usoni, ndo kinga yake hiyo. Nikamwambia nataka wavu mpya maana ule wa zamani ulikua umepinda na kuliwa na kutu. Akanambia "Ngosha, mbona rahisi hiyo", akanyoosha mkono akachukua wavu wa mabanda ya kuku, ule unaong'aa. Nikamwambia huo hapana, huo umepakwa zinki. Ukiuweka juu ya moto mkali zinki inatoa moshi mweupe na ule moshi ukiuvuta unapata homa, unatetemeka usiku kama una malaria. Akacheka, akasema kumbe unajua, sisi ndo maana tukichomelea bomba za maji tunakunywaga maziwa. Nikamuuliza sasa wanaokuja kula nyama kwangu niwape na maziwa? Mi sidhani hata kama maziwa yenyewe yanashuka kwenye mapafu, ila hilo tuliliacha.

Tukakubaliana nondo laini za milimita 8, zile zisizo na michirizi, akate azipange kwa nafasi ya kidole. Nilimsisitiza asitengeneze duara moja zima, atengeneze vipande vitatu. Sababu ni mbili, kwanza kipande kimoja kinaingia kwenye beseni la kuoshea, duara la sm 94 utalioshea wapi labda ziwani, pili nikitaka kuongeza mkaa nanyanyua kipande cha pembeni tu nyama nyingine inabaki ilipo. Alivyomaliza nikaziunguza kwenye moto mkali bila chakula, nikazisugua na brashi ya waya, nikazipaka mafuta ya alizeti nikaziunguza tena mara tatu. Zikawa nyeusi za kuteleza kama kikaango cha bibi. Saivi samaki hagandi.

Kipande kilichobadilisha maisha ni ukuta. Nilimwambia fundi anikatie bati nene la milimita 3, alikunje kidogo kama upinde lifuate mduara wa bakuli, likae wima likigawa bakuli theluthi moja na theluthi mbili. Mkaa unakaa upande mdogo tu, nyuma ya ukuta. Upande mkubwa chini naweka sinia la maji, juu ndo nyama inalala, na mfuniko unafungwa. Joto linatoka kwa mkaa linapanda linazunguka kwenye lile kuba linashuka kwenye nyama kutoka juu, kwahiyo nyama inaiva pande zote bila kuona moto kwa macho. Mwisho kabisa unaihamishia juu ya mkaa dakika chache ipate rangi. Hapo ndo nikaelewa kwa nini mfuniko ni duara. Mi nilidhani ni urembo.

Na mkaa? Napima na ndoo ya rangi ya lita 4. Ndoo moja na nusu inanipeleka masaa matatu mpaka manne kama nimebana hewa vizuri. Kumbuka siku ya kwanza debe la lita 20 liliisha saa moja na nusu. Nilimuonyesha mama watoto ile ndoo, akasema sawa, tutaona.

Sasa ujinga.

Nikiwa na ukuta wangu nikawaza, huku si Rock City, mawe yapo mpaka chumbani, kwa nini nisiweke mawe yatunze joto. Nikaokota mawe mazuri ya mviringo pale chini ufukweni nikayapanga nyuma ya ukuta pamoja na mkaa. Dakika kama ishirini nikasikia "paa!" kama baruti ya mwamba, nikadhani ni jirani anapasua kokoto, nikasikia tena, kipande kikagonga mfuniko kwa ndani ukaruka kidogo. Wote tukakimbilia ndani. Jiwe lililokaa majini lina maji kwenye nyufa zake, yakichemka humo ndani yanakosa pa kutokea, jiwe linapasuka. Ningekua nimeinama nimefungua mfuniko muda ule saivi naandika hii kwa jicho moja. Nimeweka tofali mbili za kuchoma, kavu kabisa, zimekaa mwaka wa pili. Msije mkajaribu mawe ya ziwani, nawaomba.

Mfuniko nao ulikua unanitesa. Mzito, wa moto, ukiunyanyua huna pa kuuweka, ukiuweka chini kwenye nyasi unarudi na vidudu. Nikataka bawaba ili ufunguke kwa nyuma kama boneti. Kutoboa bakuli lenyewe kulikua na mtihani wake kwa sababu lile jeusi sio rangi, ni enameli, ni kama kioo kimeunguziwa juu ya chuma, ukitoboa kwa pupa linabanduka magamba na hapo ndo kutu inaingilia. Tulibandika selotepu ya karatasi kwenye alama, tukaanza na drili ndogo kabisa, mwendo wa pole, afu tukapanua kidogo kidogo. Ikatoka safi. Fundi akafunga bawaba za geti mbili, nikafungua mfuniko kwa mbwembwe mbele ya shemeji, na jiko zima likaenda nalo.

Yani lilipinduka kinyumenyume na mkaa wake. Sikuwa nimefikiria kwamba mfuniko ukifunguka uzito wote unahamia nyuma na ile miguu imekaa karibu karibu. Bahati ilikua moto wa kujaribia tu, hakuna nyama, hakuna mtoto karibu. Shemeji mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa kuegemea nyuma. Ilibidi tutengeneze kitako kipya cha bomba za mraba, kipana, miguu minne, ile ya nyuma imerefushwa kwenda nyuma kama miguu ya panzi, na mbele tukafunga magurudumu mawili ya toroli la zege. Hii ndo ilikula hela kuliko vyote, gharama ya kitako na magurudumu ilizidi hela niliyonunulia jiko lenyewe, na kama ningeanza upya nisingefunga bawaba, ningetengeneza ndoano tu pembeni ya kuning'iniza mfuniko. Elfu tano ingetosha.

Ujinga wa pili ulikua mota. Nilipita Makoroboi kutafuta nati, nikakutana na kijana anauza mota ya waipa ya gari, nikakumbuka nimeona watu wanazungushia kuku kwa mota. Ni ya volti 12, unaiunga na betri ya solar, nondo katikati, kuku anazunguka mwenyewe we umekaa. Tatizo waipa imetengenezwa kufukuza mvua sio kuchoma kuku. Kuku alizunguka kama feni, mafuta yanaruka mpaka ukutani, bawa moja likachomoka likaangukia kwa mbwa. Nikafunga na cheni ya baiskeli, gia ndogo kwenye mota gia kubwa kwenye nondo, mwendo ukapungua kama mara tatu lakini bado kuku alikua na haraka zake. Nikaachana nayo. Kuku ukimpasua mgongoni ukamlaza wazi anaiva vizuri tu bila kuzungushwa na mtu.

Kipimajoto nilitoboa tundu pembeni, usawa wa wavu, sio kule juu kabisa ya mfuniko ambako joto linalosomeka sio lile lililopo kwenye nyama. Nikilikuta linacheza kati ya nyuzi 110 na 135 za Selsiasi najua ni joto la taratibu, naenda kuoga. Kingine ni kijiti cha kuchoma ndani ya nyama, kuku namtoa akifika 74 pale penye nyama nene ya paja, samaki 63. Fundi alitaka pia anizibie ukingo wa mfuniko na kamba ya gasketi aliyokua nayo dukani, nikauliza ya nini, akasema asbesto original. Nikasema asante, sumu hiyo ya mapafu sitaki. Ukingo nimeuacha hivo hivo, masizi na mafuta yameuziba yenyewe kwa muda.

Ila aliyelimaliza hili jiko ni shangazi, amekuja kutoka Ukerewe akakaa wiki mbili. Siku ya kwanza kaliona akauliza kama ni ungo wa satelaiti. Shangazi amebanika samaki tangu yuko msichana, kwenye chanja ya miti na moshi wa kuni mbichi, kwahiyo mi kumuonyesha kipimajoto ilikua ni kujitafutia aibu. Nilileta sato wanne kutoka mwaloni Kirumba na kipande cha sangara cha tumbo. Aliniuliza maswali mawili tu. Moto uko wapi? Nikamuonyesha nyuma ya ukuta. Akaguna, guna ile ya kukubali. Moshi je? Nikasema nimeweka vipande vya mwembe. Akaenda nyuma ya nyumba akarudi na matawi makavu ya mpera, akasema mwembe sio mbaya ila mpera hauna makelele. Na akatoa vipande viwili vya mbao ambavyo nilikua nimechanganya, akavinusa, akavitupa. Vilikua vya msonobari, vina utomvu, vingenipaka lami kwenye samaki.

Sato akawapasua mgongoni sio tumboni, akawafungua kama kitabu, chumvi ya mkono, akawaacha kivulini mpaka ngozi ya juu ikakauka ukigusa haigandi. Hiyo sehemu mi nilikua nairuka siku zote na ndo maana moshi ulikua unadondoka tu bila kushika. Sangara aliwekwa mbali kabisa na ukuta, ana mafuta yule, akidondoshea kwenye mkaa unapata moto wa gesi. Tumbo lilikaa masaa mawili na nusu, hewa nimebana tundu mbili nimeacha moja robo. Lilivyotoka lilikua na rangi ya shaba na likichotwa linaachia nyuzi nyuzi zenyewe, tulilila na ugali wa muhogo uliokuja na shangazi, hakuna aliyeongea. Mama watoto ndo akavunja ukimya, akasema hili sasa ndo friji.

Shangazi aliondoka na sato wawili waliokauka kwa safari na oda: nimtengenezee waya za kuning'iniza chini ya mfuniko ili samaki akae wima moshi umpite pande zote. Nimeshanunua waya wa stenlesi, Jumamosi natoboa, pole pole na drili ndogo.

Mota ya waipa ipo stoo, nzima kabisa, inanuka kuku kidogo. Mwenye Noah anayeihitaji aje achukue.